Moto Usiozimika: Alkemia Ingepata Chumba Marani?

Marani, katika nchi ya Kitutu kaskazini mwa mji wa Kisii, si mahali pa mtu anayetaka kufanya jambo peke yake. Ardhi imegawanywa na kugawanywa tena, babu kwa mwana kwa mjukuu, hadi maboma mengi yamebaki na kipande tu. Migomba inagusa mahindi ya jirani, majani chai yanapakana na ukuta wa jikoni. Na kwa kuwa nyumba zimekaa kwenye miteremko inayotazamana, taa ikiwaka saa nane za usiku upande huu, upande wa pili wa bonde hakosekani mtu aliyetoka kujisaidia ambaye ataiona. Kesho yake atauliza ilikuwa ya nini. Au, vibaya zaidi, hatauliza.

Naanzia kwenye taa hiyo kwa sababu alkemia, ukiivua maneno yake makubwa, ni moto unaowaka chumbani kwa muda mrefu na mtu mmoja anayeuangalia. Historia yake ni ndefu lakini haihitaji kutuchelewesha. Misri ya zama za utawala wa Warumi ilikuwa na Zosimos wa Panopolis, yapata mwaka 300, aliyeandika juu ya vyombo na metali na papo hapo akasimulia ndoto za mtu anayekatwakatwa na kuchemshwa madhabahuni mpaka ageuke roho. Waarabu wakaipa jina, al-kimiya, na kumbukumbu za Kiislamu zikampa Jabir ibn Hayyan heshima ya ubaba wake. Ulaya ikaipokea kwa Kilatini. Isaac Newton, huyo huyo wa nguvu za mvutano, aliijazia karatasi nyingi ambazo hakuzichapisha. Mwishowe akazaliwa mtoto aitwaye kemia, akaenda shule, akarudi akimwonea mzazi wake haya.

Wanaoishika leo kama njia ya roho hawangojei dhahabu. Wanasema risasi ni nafsi yenyewe, nzito na chafu, na kwamba kazi ya kuchoma, kuyeyusha, kutenga na kuunganisha upya hufanyika ndani ya mtu hata kama mikono yake imeshika chupa. Wengine hawashiki chupa kabisa: wanaandika ndoto, wanasoma michoro ya kale, wanafunga, wanatafakari. Wengine hufuata mkondo wa Paracelsus, tabibu wa Uswisi aliyefariki mwaka 1541, wakilowesha mmea, wakauchoma hadi majivu, wakatoa chumvi ya majivu hayo na kuirudisha katika dawa. Wapishi wa magharibi mwa Kenya watatabasamu hapa. Maji yaliyochujwa kwenye majivu ya maganda ya maharagwe ndiyo yanayolainisha mrenda, na hakuna mpishi aliyewahi kujiita mwanafalsafa kwa sababu hiyo.

Njia ya waalkemia ina hatua tatu, na kila hatua ina rangi: weusi wa kuoza, weupe wa kusafishwa, wekundu wa kukamilika. Kiswahili kinachekesha kidogo hapa. Rangi zenye vivumishi vyake vya asili, vinavyokubaliana na nomino kama inavyotakiwa, ni hizo hizo tatu: -eusi, -eupe, -ekundu. Nyingine zote tumeziazima kutoka kwa vitu: rangi ya majani, ya manjano, ya kahawa, ya maji ya kunde. Sidai kwamba Wabantu walikuwa waalkemia wa siri. Nasema tu kwamba mtu wa huku akielezwa hatua hizo hashangai, kwa kuwa damu, maziwa na masizi vilimfundisha kitu hicho hicho.

Neno jingine lililokwisha kufika huku kabla ya alkemia yenyewe ni tanuri. Jiko la mwalkemia wa Ulaya liliitwa athanor, nalo ni neno la Kiarabu al-tannur lililopotoka njiani. Sisi tulilichukua kwa njia fupi zaidi. Sifa kuu ya jiko hilo ilikuwa moja: moto wake haukupaswa kuzimika. Kazi ya wiki arubaini ingeharibika kwa usiku mmoja wa usingizi.

Sasa, moto wa namna hiyo Marani upo. Kwa desturi ya Abagusii, wavulana wakishatahiriwa, mwishoni mwa mwaka shule zikiwa zimefungwa, hukaa ndani wakitengwa na watu, na moto unaowashwa humo hutunzwa usizimike mpaka siku ya kutoka. Nyasi ya esuguta nayo hutunzwa isinyauke. Aliyeingia ni omoisia, mtoto asiyehesabika. Anayetoka ni omomura, mtu ambaye ukoo unaweza kumtuma. Siku hizi wengi hukatwa hospitalini, makanisa yana kambi zake, na mwenye nyumba ya mabati na saruji anaweza kuona moto wa kuni sebuleni ni usumbufu. Lakini umbo halijapotea: chumba, joto, giza, muda, na mtu anayetoka akiwa si yule aliyeingia. Wasichana nao walikuwa na utaratibu wa aina hiyo, ila wao ulipitia ukeketaji, ambao sheria ya mwaka 2011 inaukataza, na ambao hakuna mfano wa tanuri unaoweza kuupamba.

Mtu akiniambia alkemia ni kitu kigeni Kisii, basi, namwonyesha nyumba hiyo. Akiniambia kwamba ni kitu kile kile, nasita. Nyumba ya vijana hao ina tofauti moja na chumba cha mwalkemia, nayo kwangu ndiyo kiini cha mjadala wote: watu wa nje wanajua. Kijiji kizima kinajua nani yumo, aliingia lini na atatoka lini. Kuna wakubwa waliokabidhiwa kumwangalia. Ana siri, ndiyo, atafundishwa maneno ambayo mama yake hatayasikia, lakini hata kuwako kwa siri hiyo si siri. Ni faragha iliyopewa kibali.

Wafua chuma walikuwa hivyo pia. Mircea Eliade, Mromania aliyeandika mwaka 1956 kitabu kizima juu ya wahunzi na waalkemia, aliwatazama sana wahunzi wa Afrika kama mababu wa kazi hiyo: watu wanaoharakisha tumboni mwa tanuri kile ambacho ardhi ingekizaa polepole. Hakuwa anabuni. Miaka ya 1970, mwanaakiolojia Peter Schmidt alipowaomba wazee wa Buhaya, ng'ambo ya ziwa upande wa Bukoba, wajenge tena tanuri walizozijua ujanani, ilionekana wazi kwamba tanuri kwao ni mwanamke, chuma ni mtoto, na wanaume wanaoyeyusha hujiepusha na wake zao mpaka kazi iishe. Chuma chao kilikuwa na kaboni ya kutosha kuitwa feleji, na ufundi huo una umri wa zaidi ya miaka 1,500 eneo lile. Mfua chuma aliogopwa karibu kila mahali Afrika Mashariki, na laana yake ilikuwa jambo zito. Ila aliogopwa akiwa na cheo, na nyundo yake ilisikika mchana.

Usiku ni habari nyingine. Robert LeVine, mwanaanthropolojia wa Kimarekani aliyeishi na Abagusii kati ya 1955 na 1957 katika kijiji alichokiandika kwa jina la Nyansongo, alikuta hofu ya omorogi, mrogi, ikiwa imeingia katika kila uhusiano wa majirani. Na mrogi wa masimulizi ya Kisii anafanana na nani? Anatembea usiku akiwa uchi, na mkononi amebeba chungu chenye moto, kinachong'aa na kufifia. Anahifadhi vitu vya ajabu nyumbani, nywele, mizizi, vipande vya maiti. Ana elimu aliyorithishwa kwa siri. Mchukue mwalkemia yeyote kutoka katika michoro ya karne ya 17, mwenye mafuvu rafuni na kaa jekundu mbele yake, umweke kwenye mteremko wa Marani. Hakuna atakayehitaji kuelezwa anachofanya.

Huu si utani wa mwandishi. Oktoba 2021, hapa hapa Marani, wanawake wanne wazee waliuawa na kundi la watu na kuchomwa, wakishukiwa kumroga kijana. Mei 2008 watu 11 walikufa namna hiyo katika eneo la Kisii. Orodha haiishii hapo, na kila mara maelezo ni mseto: shamba ambalo mjane hataki kuliachia, kifo cha ghafla, mzee mwenye ugonjwa wa kusahau aliyekutwa usiku kwenye boma la wengine hajui njia ya kurudi kwake. Wale wanawake hawakuwa waalkemia wala kitu chochote cha ajabu. Ila kifo chao kinatuambia nini kinampata mtu ambaye upweke wake hauna maelezo. Watu wa miji ya Ulaya wanapozungumzia njia ya binafsi ya kujigeuza roho, neno wanalolipita haraka ni hilo la "binafsi". Huko kwao ni haki iliyokwisha kulipiwa: mlango wenye kufuli, majirani wasiojuana majina, na karne kadhaa tangu mchawi wa mwisho achomwe. Marani bili hiyo bado haijalipwa.

Sheria haisaidii sana. Sheria ya Uchawi ya Kenya ni ya mwaka 1925, na imeandikwa kwa mkono wa mtu asiyeamini uchawi lakini anayeogopa waganga. Inamwadhibu anayejidai kuwa na nguvu za uchawi na inamwadhibu pia anayemtuhumu jirani yake kuwa mchawi. Kifungu hicho cha pili ni cha busara, ila kundi lenye petroli halikisomi.

Mwaka huo huo wa 1925 mtu aliyeifanya alkemia iwe njia ya nafsi kwa karne nzima iliyofuata alishuka melini Mombasa. Carl Gustav Jung, mwanasaikolojia wa Uswisi, alikuwa na miaka 50. Alipanda treni hadi Nairobi, kisha akaelekea magharibi, akapita Kakamega, akapiga kambi miteremko ya mlima Elgon kwa majuma kadhaa, akiita wenyeji kwenye shauri na kuwauliza, kwa Kiswahili chake cha kuokoteza, kuhusu ndoto zao. Walimjibu hawaoti. Hatimaye laibon (mtabiri) mmoja mzee akamweleza, machozi yakimlengalenga: zamani wenye kazi hiyo waliota, wakajua vita inakuja, au maradhi, au mvua. Tangu Wazungu waje ndoto zimekoma, na hazihitajiki tena, kwa kuwa mkuu wa wilaya anajua kila kitu.

Watu wameisoma hadithi hiyo kama huzuni ya ukoloni, na ni kweli. Mimi naisoma pia kama maelezo ya ofisi. Ndoto ya laibon haikuwa mali yake. Ilikuwa kazi ya umma, ikifanywa kwa niaba ya wengine, na mwajiri alipobadilika kazi ikafutwa. Jung alitafuta ndoto ya mtu binafsi akaoneshwa wadhifa uliobaki wazi.

Mahali alipopata alichokitaka ni kwingine, na yeye mwenyewe alipasimulia uzeeni. Kwenye mbuga za Athi, akitazama wanyama wa porini wasiohesabika, alitembea mpaka wenzake wasionekane tena, ili awe peke yake kabisa. Hapo ndipo lilipomjia wazo kwamba mtu, kwa kuitambua dunia, anakamilisha uumbaji wake; na alipolieleza aliwakumbuka waalkemia, waliosema kwamba kazi ya ufundi ni kukamilisha kile ambacho maumbile yamekiacha nusu. Kitabu chake kikubwa juu ya saikolojia na alkemia kilitoka mwaka 1944, lakini mbegu moja yake ilidondoka karibu na reli ya Mombasa. Na ingeweza kudondoka pale tu kwa mtu wa aina yake: mwenye barua za serikali, askari wa kumlinda, na ngozi iliyomruhusu kutoweka porini bila mtu kuuliza anakwenda kuchimba nini. Mkisii aliyetoweka namna hiyo mwaka 1925 angetafutwa, kwanza na ukoo wake, pili na mkusanya kodi.

Abagusii walikwisha kumsikia mtu wa aina hiyo, ambaye kugeuka kwake hakukuwa na kibali. Mwaka 1913 Onyango Dunde wa Alego, katika nchi ya Wajaluo, alieleza kwamba joka kubwa la ziwani, Mumbo, lilimmeza na kumtapika akiwa mzima, na ujumbe mdomoni. Mwalkemia angeipenda picha hiyo bila kubadilisha nukta. Lakini ujumbe haukubaki tumboni mwa mtu mmoja. Ulivuka hadi Kisii, ukakutana na kumbukumbu ya Sakawa, nabii wa Kitutu aliyesemekana angerudi, ukawa dini ya kuwakataa Wazungu. Serikali iliwapeleka baadhi ya viongozi wake uhamishoni pwani.

Pwani hiyo ina jibu lake la zamani kwa swali letu, na nadhani ni bora kuliko la Jung. Mwanazuoni wa Kiislamu Al-Ghazali, mwanzoni mwa karne ya 12, aliandika kwa Kifarsi kitabu alichokiita Kimia ya Furaha, ambamo dhahabu ni moyo uliosafishwa na tanuri ni nidhamu ya kila siku. Njia za kisufi zilizoenea Zanzibar, Lamu na Bagamoyo, hasa Kadiria na Shadhilia, ndizo shule za kazi hiyo. Nafsi inayoamrisha maovu huchomwa kwa dhikri hadi itulie. Hata mwili una sehemu yake: kombe, aya zilizoandikwa kwa zafarani kwenye sahani, zikaoshwa kwa maji ya marashi, zikanywewa. Maneno yanakuwa wino, wino unakuwa maji, maji yanakuwa damu. Ukitafuta Afrika Mashariki utendaji ulio karibu kabisa na alkemia ya roho, uko hapo, kwenye sahani nyeupe. Na hata hapo hakuna mtu anayekwenda peke yake. Murid ana shekhe, na shekhe anajua mwanafunzi amefika wapi, amekwama wapi, lini amwambie apumzike. Wasufi wanaonya kwamba asiye na shekhe, shekhe wake ni shetani. Mzee wa Kisii anayemwangalia mvulana karibu na moto angekubaliana nao bila kuhitaji mkalimani.

Marani yenyewe haina mashekhe wengi. Ina Wakatoliki, waliofungua misheni Nyabururu mwaka 1911, na ina Wasabato, waliofika Nyanchwa mwaka mmoja baadaye na kuikamata nchi ya Kisii kuliko karibu sehemu nyingine yoyote ya Kenya. Ukitaka kuona mtu wa Marani anayejigeuza kwa mpango, akitumia mwili wake kama chombo, mtazame Msabato mwaminifu. Mwili ni hekalu. Nguruwe hapana, pombe hapana, sigara hapana. Chai hapana. Hilo la mwisho lataka kutafakariwa, kwa kuwa mtu huyo huyo huenda aliamka kabla ya jua kuchuma majani mawili na chipukizi, akajaza gunia, akalipeleka kituo cha kupimia. Jani linalolipa karo halipiti koo lake. Sijui nidhamu ya Ulaya iliyo kali na ya kimya kama hiyo, na inafanyika mbele ya watu wote, Jumamosi kwa Jumamosi, shule ya Sabato ikiweka kumbukumbu ya nani alihudhuria.

Kinachofanyika kwa siri nchini leo kwa jina la kugeuza kitu kuwa kitu kingine ni mambo ya aibu zaidi. Nairobi kuna wash wash: karatasi nyeusi, chupa ya dawa, na mjinga mmoja aliyeshawishika kwamba zikioshwa zitakuwa dola. Kuna masanduku ya dhahabu bandia yanayosubiri mgeni mwenye tamaa. Nguzo za umeme zina karatasi za kukualika ujiunge na Illuminati kwa namba ya simu. Wazee wa alkemia waliwajua jamaa hawa vizuri na waliwatukana katika vitabu vyao kwa kuwachafulia jina.

Na kuna Migori, mwendo wa saa chache kutoka Marani, ambako vitu vya kale vya alkemia bado vinashikwa kwa mikono mitupu. Eneo la Macalder na vijiji jirani wachimbaji wadogo husaga mawe, huosha mchanga, hutia zebaki, hukamua kwa kitambaa, kisha huweka kile kidonge cha rangi ya fedha juu ya kaa. Zebaki inapanda hewani, dhahabu inabaki. Ni tendo ambalo waalkemia walilichora mara elfu, roho ikiachana na mwili. Ila roho hiyo inaingia mapafuni mwa mama aliyeshika kikaango, na kutoka hapo katika figo na mishipa ya fahamu. Nywele za Newton zilipopimwa mwaka 1979 zilikutwa na zebaki nyingi. Anayedhani njia hii ni mafumbo matupu, na kwamba anaweza kununua tu vifaa na kuanza, aende kwanza Macalder akasimame upande unakovumia upepo.

Basi mtu wa Marani anayeitaka njia hii afanyeje? Swali si la kubuni kabisa. Kijana mwenye simu na bando anaweza kuyapata maandiko ya Jabir na Paracelsus usiku mmoja. Nadhani sehemu ya kuandika ndoto, kusoma, kufunga na kujihoji ataiweza, akiwa na mtu mmoja wa kumweleza: pasta asiyeshtuka upesi, mjomba, mwalimu mstaafu. Sehemu ya moto na chupa ndiyo ngumu, na ugumu wake hautegemei imani yake bali saa na mlango. Siku ya soko, mganga wa miti shamba hutandika gunia chini, hupanga magamba, mizizi na unga wa majivu, hueleza kwa sauti kila kimoja kinatibu nini, na watu humpita wakibishana bei. Mizizi ile ile ikichemka saa nane za usiku katika jiko la mjane anayeishi peke yake, ng'ambo ya bonde kuna mtu aliyetoka kujisaidia, naye amesimama anatazama mwanga.